Koti Lako Limefika Pemba Kabla Yako

Chake Chake, Pemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, hiyo ni ya kuomba radhi mapema, kwa sababu utakayoikuta huko mbele. Mimi mzima, nakula nashiba, mihogo ya nazi imeanza kuonekana shingoni. Hofu yangu iko kwenu. Kile kikohozi chako cha kipupwe kimekuacha? Goti la Mama linamruhusu kuinama shambani? Na Majivu, dume letu, bado anabomoa zizi akisikia ngoma ya jirani?

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, halafu mtandao ungetukatiza sote wawili, nawe ungeshuka kutoka kwenye kile kichuguu chako cha kupigia simu ukiwa umeshika neno moja tu la mwisho, tena limekaa vibaya. Barua haikatizwi. Mwajuma atakusomea. Mwajuma mdogo wangu, soma kila mstari, usiruke, na usicheke kabla ya Baba.

Jambo lenyewe ni hili: nimepeleka posa. Binti anaitwa Zuhura, anafundisha watoto wadogo, na baba yake ni Mzee Faki wa Chokocho, kijiji cha huko kusini mwa kisiwa. Jibu lilikwama, likakwamuka, na sasa kilichobaki kimo mikononi mwako. Lakini huwezi kuelewa habari ya posa bila kuelewa habari ya ng'ombe, na habari ya ng'ombe haieleweki bila habari ya picha. Vuta kigoda, kaa vizuri.

Wewe umefuga maisha yako yote na hukuwahi kuniambia kwamba kuna watu wanacheza na ng'ombe. Huku wanacheza nao, Baba. Dume anafungwa kamba ndefu, vijana wanamchokoza kwa nguo, anawakimbiza, wanamkwepa, wengine hawamkwepi. Zumari linalia, kina mama wanaimba nyimbo za kuwakejeli waoga. Dume hachinjwi. Jioni anarudi bandani kwake kavishwa kanga kama bibi harusi, na mwenyewe anatembea nyuma yake kidevu juu. Heshima ya mtu huku iko kwenye dume lake. Ukimwambia mtu mwanawe hana akili anaweza kukuvumilia, lakini usimwambie dume lake ni mzito wa miguu.

Sasa, hapa mjini Chake nafanya kazi kwenye duka la kupiga picha za pasipoti na kuchapa kadi za harusi. Kamati ya mchezo ilikuja kutaka blogu, yaani ukurasa wa kwenye simu wa kutangaza siku za mchezo na kuweka habari zake, ili na jamaa zao walioko Muscat na Dar es Salaam wasipitwe. Nikawatengenezea. Juu kabisa ya ukurasa nikaweka picha moja pana ya dume anayeitwa Subira, wa Mzee Makame wa Mgogoni. Sikuwa na sababu. Ndiye pekee aliyesimama bila kutikisa kichwa nilipompiga picha.

Ile picha ikakaa. Ikakaa mpaka watu wakaanza kuuita ukurasa "blogu ya Makame". Zuhura ndiye aliyekuwa akituandikia maneno ya nyimbo za kina mama, na ndivyo tulivyofahamiana. Siku moja akaja dukani akatazama, akasonya.

"Yakhe, picha hino ishachoka. Hata pazia la mlangoni hubadilishwa. Mwanamke hendi harusini kila siku na kanga ile ile, sembuse ukurasa unaotazamwa na ulimwengu?"

Nikamwambia nitaibadilisha. Akasema, "Ukimtoa Subira ukamweka mwengine, itakuwa blogu ya huyo mwengine. Waweke wote."

Ndipo nikajifunza jambo, Baba, na nilijiona msomi kweli. Unaandaa picha kadhaa, unaongeza maelekezo machache nyuma ya ukurasa, basi kila mtu anapofungua, ukurasa unachomoa picha moja kama mkono unaoingia kwenye kikapu bila macho. Ukifungua tena, unaweza kupata nyingine. Blogu haichakai. Shida ikawa kukata. Ile nafasi ya juu ni pana na fupi, kama kanga iliyotandazwa, na ng'ombe hakuumbwa hivyo. Ukiacha pembe unakosa kwato, ukiacha kwato unakosa pembe. Mzee Makame, ambaye alipenda kupigwa picha na Subira, alijikuta amebaki tumbo na shati. Alikuja dukani na watu wawili wa kushuhudia.

"Hilo tumbo la nani?"

"Lako, Mzee."

"Mie n'na tumbo hilo?" Akawageukia mashahidi wake. Mashahidi wakatazama chini. Nikampiga picha nyingine, amechuchumaa.

Sasa ndipo inapokuja ile radhi niliyoiomba juu. Nilipomaliza kukata, nafasi ya picha moja ilibaki, na dume lililobaki halikukubali kusimama. Kwenye simu yangu nilikuwa na ile picha yako niliyokupiga siku naondoka nyumbani: umesimama na Majivu mbele ya zizi, umevaa lile koti la kijivu lenye mfuko ulioning'inia, mkono wako juu ya nundu yake. Kwa upana ilikaa vizuri kuliko zote, maana Majivu alikuwa ameinamisha kichwa kula. Nikaiweka. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, mpaka nipate nyingine. Ukweli ni kwamba nilipenda kukuona. Nikifungua duka asubuhi nawasha kompyuta, na baadhi ya siku nakuta wewe ndiye umetokea, nakusalimia kabla ya wateja.

Basi kisiwa kikachafuka. Nilidhani watu wangefurahi kuona picha zinageuka, kumbe kila mmoja aliamini kwamba mimi nimekaa dukani nageuza kwa mkono, huyu namwonyesha hili, yule namwonyesha lile. Mtu anafungua, anaona dume lake, anatoka mbio kwenda barazani kuwaonyesha wenzake. Akifika anafungua tena, lahaula, dume la mwingine. Anachekwa mpaka anarudi kwangu kunidai sura ya ng'ombe wake. Wajanja wakaanza kuniletea vitu. Nimeletewa pweza, nimeletewa fenesi ambalo mwenye nyumba wangu alilikataa kwa ukubwa nikalimaliza peke yangu, mwingine kanifungia jogoo hai kwenye mguu wa meza ya kompyuta. Nikasema jamani, si mimi, ni mashine inachagua.

"Mashine ya nani?" akauliza mwenye jogoo.

"Yangu."

"Ahaa. Basi yakusikia wewe."

Yule jogoo nilimrudisha, lakini pweza alikuwa ameshaliwa.

Na wewe, Baba, ukapata jina. Wanakuita Mzee wa Koti. Kuna waliokuwa wakibishana wewe ni wa kijiji gani. Wengine walisema ni mtu wa kaskazini, ana dume la siri analolifuga porini, na siku ya mchezo mkubwa atalileta awaaibishe wote. Siku hiyo ilipofika, nilisikia watu wawili wakiulizana, "Mzee wa Koti kaja?" Nikainua kamera, nikajitia kuwapiga picha wapiga zumari.

Katikati ya fujo hiyo ndipo nilipopeleka posa. Mwenye nyumba wangu, Mzee Shaame, mtu mzima mwenye maneno ya kupangika, alikubali kunisimamia kama mzazi. Alikwenda Chokocho akapokewa vizuri, akala, akaambiwa kama ilivyo desturi kwamba jibu litakuja. Jibu halikuja. Mimi nikawa siwezi kula, na safari hii si kwa sababu ya fenesi. Hatimaye Zuhura akanipigia.

"Hamisi, Baba kakasirika. Asema ana mambo mawili. La kwanza, wewe ni mtu wa kuja, kwenu hakujulikani, wazee wako hakuna aliyewaona hapa. Hilo angelifikiri. La pili ndilo limemchoma. Asema wamdharau."

"Namdharau kwa lipi?"

"Kila akifungua blogu, kila siku ya Mungu, ni Subira. Asubuhi Subira, jioni Subira. Dume lake Hanijui hajamwona hata mara moja. Asema wenzake wote waona ng'ombe wao, yeye peke yake wamwekea wa Makame makusudi."

Nikamwapia kwamba haiwezekani, Hanijui yumo kama wenzake, na mashine haina chuki na mtu. Akasema, "Mie nakuamini. Mwambie yeye." Nami nilimpenda Zuhura, Baba, nikwambie wazi, nilimpenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Niliona ndoa yangu inavunjwa na ng'ombe aliyekubali kusimama vizuri kwenye picha.

Baada ya hapo tukaitwa Chokocho, mimi na Mzee Shaame. Tulikuta baraza imejaa, maana habari ya ng'ombe haisikilizwi na watu wachache. Tukasalimiana kwa urefu wake, tukaulizana wazima, tukauliza na waliolala kwa maradhi. Mzee Faki ni mtu mrefu, mkavu, kofia yake imenyooka utadhani imepigwa pasi kichwani. Akatoa simu mfukoni taratibu mbele ya watu wote.

"Kijana, wasema picha zageuka zenyewe?"

"Ndiyo, Mzee. Zinageuka."

Akafungua. Subira. Akafunga, akafungua. Subira, na Mzee Makame amechuchumaa pembeni yake. Watu wakaguna.

"Basi nambia wewe," akasema, "mbona kwangu hazigeuki? Kwangu mashine yalala?"

Akanipa simu. Baba, niliona tatizo pale pale, nikatamani nisingeliona. Simu ya Mzee Faki haikuwa na bando. Lilikwisha siku nyingi. Alichokuwa akifungua ni ukurasa ule ule wa zamani uliobaki ndani ya simu tangu mara ya mwisho alipokuwa na mtandao. Angeweza kufungua mpaka Subira azeeke.

Ilikuwa rahisi kusema. Neno moja tu, nami nimetoka hatiani. Lakini nilitazama ile baraza. Hapo kulikuwa na majirani zake, vijana wake, na mtu mmoja wa upande wa Mgogoni ambaye angelibeba neno hilo moto moto mpaka kwa Mzee Makame: Faki kaita watu kuhukumu, kumbe simu yake haina bando. Mwenye kofia kama ile hawezi kuambiwa hivyo mbele ya watu. Nikakumbuka ulivyofanya siku ile jirani alipokuja kudai mbuzi wake kwa kelele, kumbe kahesabu vibaya. Ulimwambia twende tukahesabu tena wote, macho yangu siku hizi mabovu. Macho yako hayajawahi kuwa mabovu.

Nikasema, "Mzee, kioo kina vumbi kidogo, niruhusu nikifute."

Nikageuka pembeni, nafuta kwa kona ya shati, huku kidole kimoja kinawasha hotspoti, ile ya kumgawia mwenzako mtandao, kwenye simu yangu mfukoni na kingine kinaiunganisha simu yake. Nilifuta kile kioo mpaka Mzee Shaame akanikoholea. Nikamrudishia.

"Fungua sasa, Mzee. Bismillahi."

Akafungua. Ukurasa ukafikiri kidogo. Akatokea Subira.

Yule yule, Baba. Baraza yote ikaangua kicheko, yule mtu wa Mgogoni akicheka kuliko wote. Ndivyo bahati nasibu ilivyo, hata aliyetoka jana anaweza kutoka na leo, lakini nani angenisikiliza? Mzee Faki hakucheka. Nikasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Mara moja zaidi, Mzee wangu. Nakuomba."

Akabonyeza tena, kwa namna ya mtu anayemalizia jambo. Picha ikateremka polepole, mtandao wa Chokocho unajulikana, kwanza anga, halafu miti ya miiba, halafu nundu, halafu mkono. Kisha ukatokea wewe na koti lako.

"Ah!" mmoja wa vijana akaruka. "Mzee wa Koti!"

Mzee Faki akaisogeza simu karibu. Yeye hakuwahi kukuona, maana kwake ilikuwa ni Subira tu. Akaivuta picha kwa vidole ikakua. Nilidhani atauliza habari za mfuko uliochanika.

"Yuno nani?"

"Ni baba yangu, Mzee."

Hata yule mtu wa Mgogoni aliacha kucheka.

"Baba'ko wa kukuzaa?"

"Wa kunizaa. Na huyo ni dume letu, Majivu. Ni huko kwetu Singida."

"Dume hasa hilo?"

"Dume hasa. Linabomoa zizi."

Akawapitishia simu wazee wenzake. "Tazameni kamba," akasema. "Iko chini. Kamwachia. Kamwekea mkono tu, na dume lajilia majani yake, halina habari." Akanirudia mimi. "Kwa nini hukusema kwamba baba'ko ni mtu wa ng'ombe?"

Nikasema hakuna aliyeniuliza, nami niliona haya kujisifu. Mzee Shaame akaona mlango umefunguka, akaingia kwa maneno yake ya kupangika, lakini Mzee Faki alimkatiza kwa mkono, kwa adabu. "Ngoja, Shaame. Nilisema kwao hakujulikani. Mtu awezaye kusimama na dume hivi mie n'shamjua, hata kama sikuambiwa jina." Kisha wakaanza kubishana kuhusu nundu, kwamba ng'ombe wa huko bara nundu zao zimekaa mbele au nyuma, na ubishi ukaenda mpaka chai ikaletwa. Kwa ndani nilisikia kina mama wakicheka, na kicheko kimoja nilikitambua. Hanijui hakutokea siku hiyo, na Mzee Faki hata hakukumbuka kumuulizia.

Tulipoondoka alinisindikiza mpaka njiani, peke yetu. Nikadhani ananiaga. Akasema kwa sauti ya chini, "Kile kioo hakikuwa na vumbi."

Nikaishika ile kona ya shati niliyofutia.

"Zuhura kaniambia jana usiku kwamba bando lilikwisha, nami sikumsikiliza. Nimeliona ulilolifanya. Umenisitiri mbele za watu. Msitiri na binti yangu hivyo hivyo."

Nilimbusu mkono nikaondoka.

Sasa ndiyo zamu yako. Mzee Faki amekubali, ila ametia sharti moja, na Mzee Shaame hana kinyongo nalo. Amesema picha haiozeshi. Anataka mwenye mkono ule aje akae barazani kwake, waulizane habari za mifugo, ndipo siku itajwe. Hataki mwakilishi. Najua uliapa kwamba maji makubwa kuliko mto wa masika huyavuki. Lakini boti siku hizi ni kubwa, ina viti, na ukifumba macho utadhani uko kwenye basi la Singida lililoingia barabara mbaya. Nitakuja kukupokea Dar es Salaam mwenyewe, tuvuke pamoja, nitakushika mkono na sitamwambia mtu. Mpaka uje, posa imesimama hapo ilipo, na mimi nimesimama nayo. Nakuomba, Baba.

Mama msalimie sana, mwambie Zuhura anataka kujifunza kwake yeye Mama kusonga ugali wa mtama. Bibi mwambie aendelee kuniombea, dua zake zinafika, ingawa safari hii zilipitia kwa ng'ombe. Shangazi Mwanaidi aliyenifungia maandazi ya safari, mjulishe kwamba bado nakumbuka yalivyokuwa magumu. Mjomba Salumu mwombe akuangalizie Majivu utakapokuwa safarini, na asimwimbie. Mwajuma, asante kwa kusoma. Sasa unaweza kucheka.

Jambo la mwisho, ni kwa Mama hasa, maana namjua, akisikia neno safari atakimbilia sindano. Mama, usilishone lile koti. Wala usimnunulie jingine. Chokocho yote inaujua ule mfuko. Baba akishuka botini na koti zima, watasema Hamisi amekodi baba.

Mwanao anayekungoja bandarini,
Hamisi